Mapigo Kumi na Saba

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Duluth.
Theluji imefika kabla hatujaialika,
nasi kumi tumeshuka ngazi za nyumba ya Verna Kolbe
hadi chumba cha chini, kati ya mashine ya kufulia
na rafu za matango ya siki,
tugawe tuzo za msimu ambao haukuchezwa
popote ila juu ya meza hii.

Anayecheka na acheke.
Michezo mia moja sitini na miwili kwa kila timu,
dadu mbili nyekundu na moja nyeupe,
kadi zilizonona kwa mafuta ya vidole vyetu,
na mimi, katibu, nikiandika yote kwa penseli
maana wino hausamehe.

Mrushaji bora tulimpata kwa dakika nne.
Mdakaji bora: Lyle Beaudry alipiga meza, akashindwa,
akaenda kuongeza kahawa, akarudi kasahau hasira.
Ikabaki ile kubwa.

Darrell Haugdahl, kura tisa.
Ya kumi aliishika Arvo Niskanen kama jiwe la figo.
"Mtu huyu," alisema, "alikaa ligi kuu siku tisa.
Alisimama na gongo mara kumi na saba, akapata mara nane,
akateleza kituo cha pili, kifundo cha mkono kikavunjika.
Kwisha. Mmepima tone, mkaliita ziwa."

Hatukumjibu. Hesabu ilikuwa upande wake.
Wasemao haba na haba hujaza kibaba
hawakusema lolote
juu ya aliyepewa haba moja.

Ndipo mlango wa juu ukagongwa.
Verna alikuwa amemwalika, hakutuambia.
Kumbe miaka yote hii yuko mtaa wa sita kutoka hapa,
anafunga matairi;
akashuka na ovaroli yake, harufu ya mpira mbichi,
kofia mkononi, miaka hamsini na minane,
kikombe akakipokea kwa mkono wa kulia
maana wa kushoto haupindi sawasawa.

Nikamsomea.
Michezo yote, hakukosa hata mmoja.
Mapigo safi mia mbili na kumi na moja,
thelathini na manne yakivuka ukuta.
Septemba, timu imechoka, yeye hakuchoka.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua
ya ndugu aliyehamia mbali
na ambaye, kwa sauti ya barua, mambo yamemnyookea.

Kisha akauliza: "Na mkono?"

Hatukuelewa.

"Kituo cha pili. Sikuteleza?"

Nikafunua daftari. Aprili. Mei. Kurasa zinanata.
Arvo hakungoja nifike.
"Uliteleza," alisema. "Tarehe kumi na nne Mei,
dhidi ya timu yangu. Nilirusha dadu ya majeraha,
ikadunda ukingoni, ikaingia pale."
Akaonyesha uvungu wa mashine ya kufulia.
"Nililala kifudifudi na tochi. Wengine walikuwa jikoni.
Moja, msimu wako umekwisha.
Ilikuwa mbili."

Mashine ilikuwa inazungusha shuka za Verna.
Haugdahl aliitazama, ikaguna, ikapunguza mwendo,
ikasimama, naye bado anaitazama.

"Ungeweza kusema moja," alisema.

"Ningeweza," alisema Arvo. "Mlitufunga tisa kwa mbili siku ile."

Kibao cha tuzo kina kosa, fundi amesahau herufi ya mwisho
ya jina lake. Nikaomba radhi, nikaahidi kukirudisha.
Akasema hapana, kiache kilivyo,
huyo aliyecheza mia moja sitini na miwili
na awe na jina lake.
Akakibana kwapani, chini ya mkono mbovu.

Arvo ndiye aliyemsindikiza ngazini.
Kura yake sikuibadilisha kitabuni, wala hakuomba.
Tulimsikia huko juu, mlango wazi, baridi ikitushukia,
akiuliza seti nne za theluji ni bei gani
kwa gari la zamani,
na kama mlimani zinashika.